Mkononi

Barua ya Květoslav Hrdlička ilikuja na picha:
nyuma ya kalenda ya kiwanda cha bia,
hesabu ya kuzidisha, penseli tupu,
mikesha minne jikoni kwake, Olomouc.
Kazi yake ni kupima maji ya mto Morava.
Namba ndefu vile alizitakia nini, sikumuuliza.
“Bi Zdislava, toka tarakimu ya mia na tisa
mashine yenu imepotea njia.
Inasema saba. Mimi napata nane.”

Ofisini Brno tulicheka. Mimi niliacha kwanza.

Maana mashine huzidisha kama tulivyofunzwa darasa la tatu:
sita mara saba, andika mbili, mkononi nne.
Ila yenyewe ina haraka. Cha mkononi haikipeleki kila mara,
hukirundika koponi, nitalipa mbele, nitalipa mbele,
na kopo lina ukingo: bilioni mbili na ushee.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
lakini kikishajaa?
Hiki hakimwagiki. Hakipasuki. Kinageuka deni.
Namba inalala chanya, inaamka hasi,
na jumla inaendelea na safari, imekaza uso,
bila hata kukohoa.

Nikafukua msimbo hadi mzizi.
Mlinzi alikuwapo, akihesabu kila kinachotiwa,
tayari kupaza sauti kopo likikaribia ukingo.
Lakini kila baada ya kulipa aliandika: tupu.
Si tupu. Jirani wa kulia alikwisha kumpa chake cha mkononi,
kiasi cha kulowesha ncha ya kidole.
Kando ya mstari, tarehe, na herufi mbili: Z.K.
Zangu.
Mwaka ule Bohdanka alikuwa akiota meno;
nilikuwa naandika kwa mkono mmoja.

Theluji ikafunga reli ya tramu. Nikabaki.
Marekebisho: mstari mmoja.
Mlinzi aanzie moja, si sifuri.
Jaribio la kuuthibitisha: mistari mia nne.
Saa kumi alfajiri saba ikawa nane.

Nikamwandikia Hrdlička: ulisema kweli.
Akajibu kabla ya chai: “Najua.”
Na chini yake, kama mtu aliyekumbuka mlangoni:
maji leo, sentimita mia mbili kumi na nne.
Yanapanda.