Kitovu

Stesheni ya Moshi, chumba cha mwisho.
Dirishani, behewa la saruji kutoka Tanga
linasubiri wapakuzi wa asubuhi.
Kajiru amelala, kofia usoni.
Mimi naisubiri kompyuta ichague.

Nimeipa kila kituo namba: sifuri au moja.
Hakuna nusu stesheni,
hakuna tutaona, hakuna njoo kesho.
Nimeipa tani za kahawa, mbolea,
mahindi ya Hai, sukari ya Arusha Chini,
gharama ya kilomita kwa reli, gharama ya kilomita kwa lori,
nikaiambia: punguza.
Punguza mpaka jumla igome kupungua.

Saa nane usiku inajibu.
Rundugai, moja.
Kahe, sifuri.

Duara ile naijua.
Ni mdomo wa shimo alilochimba bibi
nyuma ya jiko, chini ya mgomba,
akakifukia kitovu changu
mwaka ambao reli ya Voi ilikuwa imeshanyamaza
na nyasi zinajifunza kusimama kati ya mataruma.
Mama bado anauza vitunguu pale,
mgongo kaupa jukwaa lisilo na abiria.

"Kitovu cha mizigo", ndivyo mkataba unavyosema.
Aliyelichagua neno hilo
hakujua ananichokoza.

Nafungua jedwali.
Kutoka Kileo hadi Kahe, gharama kwa tani: arobaini na moja.
Nafuta.
Thelathini na nane.
Tofauti ya vumbi, nani atalipima vumbi?
Nabonyeza.

Kahe, moja.

Nacheka peke yangu, kwa sauti.
Kajiru anakohoa, anageukia ukutani.

Baba alikuwa karani wa mizani.
Wachuuzi walimjua kwa kidole chake,
jinsi alivyokiinua juu, mbali na sahani,
kila mtu akione,
ndipo asome uzito.
Nyumbani tulikula ugali mwingi kwa mchicha
kwa sababu ya kidole kile.

Narudisha arobaini na moja,
taratibu, kama mtu anayerudisha
viti vya jirani baada ya msiba.

Ripoti, ukurasa wa mwisho, kwa mkono wangu:
Rundugai imeishinda Kahe kwa nusu asilimia.
Hesabu hii haijui kitunguu huoza siku ya ngapi.
Mwandishi amezaliwa Kahe.
Mpimeni na yeye.