Rejista ya Kumi na Moja

Lifti ya hospitali, huko Brno, inakwama
kati ya ghorofa ya nne na ya tano.
Si kila mara. Mara moja katika mia tatu.
Laiti ingekwama daima, Drahomíra angelala.

Wiki iliyopita walibadilisha kompaila.
Ile ya zamani ilipita mistari hii tisa ya asembli
bila neno. Hii mpya nayo imepita bila neno,
na hapo ndipo penye ubaya:
kikulacho ki nguoni, wala hakibishi hodi.

Anazima uboreshaji: lifti inakwenda.
Anauwasha: inakwama.
Anaongeza mstari mmoja, wa kuchapisha namba ya ghorofa tu, aone,
na kosa linatoweka, kama kikohozi cha mtoto
mlangoni kwa daktari.

Saa tisa usiku. Kahawa imekauka, imeacha duara kikombeni.
Mtaani theluji haijakanyagwa.
Anafungua alichozaa kompaila, maagizo yaliyo uchi,
anapitisha kidole juu ya kioo, moja moja:
hapa namba ya ghorofa inawekwa rejista ya kumi na moja;
hapa inaingia ile mistari tisa iliyoandikwa kwa mkono;
hapa kompaila inarudi kuchukua namba yake
kwa imani ya mtu aliyeacha chenji mezani kwake mwenyewe.

Si ile.

Mistari tisa imeingia rejista ya kumi na moja,
imejifutia humo mikono, imetoka.
Na mwishoni, penye orodha ya vilivyoguswa,
Radovan aliandika: ya pili, ya tatu. Basi.

Saa moja asubuhi anampigia. Amestaafu, analisha sungura.
"Ya kumi na moja?" Kimya. Majani yanatafunwa.
"Miaka kumi na tisa," anasema. "Enzi zangu
kompaila haikuweka kitu humo.
Sikuona haja ya kusema."

Neno moja, na mkato mbele yake. Ndiyo dawa yote.
Lifti inapanda mara mia tatu, mara elfu, mara elfu tatu.
Anavaa koti, anasahau skafu.

Ndani ya tramu, karibu na daraja,
anakumbuka birika la mama mkwe,
lile la maua ya buluu, alilolivunja Agosti,
akaligundisha, akalirudisha kabatini
ufa ukiangalia ukutani.

Hakuna aliyeuliza.
Jumapili wanakuja wageni wanane,
na chai itakuwa ya moto.