Chumba cha Kumi na Sita

Chati ya maabara yetu, Tabora, inakomea mia na tatu.
Mwalimu Mihayo kaiunga karatasi ya daftari
kwa gundi ya ugali,
akachora vyumba kumi na vitano
vya wageni wasiongoja hata kope ishuke.

“Baba alikuwa mfunga mabehewa hapo stesheni.
Ukigonga kwa pupa, yanaacha reli.
Ukigonga kwa woga, hayashikani.”

Viini navyo vivyo hivyo:
kishindo, kushikana,
vipande.

Ila huko mbele, wanahesabu,
penye nyutroni mia na themanini na nne,
huenda pana kisiwa, kizito,
kinachotulia.

Treni ya Kigoma inapiga honi.
Chumba cha kumi na sita Mihayo kakichora kwa penseli.
Upande mmoja hakuufunga.