Ghala la Tsisana

Miaka thelathini na mmoja mama alitunza ghala la vipuri
katika kiwanda cha malori, Kutaisi.
Kiwanda kilikufa, malori yakaliwa na kutu,
lakini namba hakuzirudisha.
Umtajie boliti, akutajie rafu.

Jumanne moja ya Novemba alinifungulia mlango
amevaa koti la baba, ndani nje,
akanidai hati ya kupokea mzigo.
"Bila sahihi ya Nodar hutoki na hata nati."
Nodar ndiye baba. Tulimzika mwaka wa theluji nyingi.

Manana wa ghorofa ya nne hakukawia,
akasema kwa upole ule unaokata:
"Uzee umempanda kichwani. Hauna dawa."
Nami nikaamini. Aibu yangu hiyo, naiandika:
usiku uleule niliuliza bei ya kitanda
katika nyumba ya wazee, ng'ambo ya mto Rioni,
huku yeye chumbani akihesabu mikanda ya feni
hadi kukapambazuka.

Muuguzi alipokuja hakumuuliza huu ni mwaka gani.
Aliniuliza mimi: "Anakojoa mara ngapi?
Na mkojo, unanuka?"
Sikujua.
Bei ya kitanda niliijua.

Vijidudu. Kwenye kibofu.
Visivyo na jicho wala jina la ukoo,
vimewasha moto huko chini,
moshi ukajaa ghorofa ya juu.
"Kwa wazee," alisema, akikata kidonge kwa kisu cha jibini,
"ugonjwa haubishi hodi mlangoni.
Hupenyea dirisha la akili."

Siku ya sita aliomba supu, akaigombeza chumvi.
Siku ya saba nikamjaribu: "Pampu ya maji?"
"Rafu ya kumi na mbili, chini, mkono wa kushoto."
Nikalia juu ya jozi nilizokuwa nikibangua.
"Kioo cha pembeni?"
Akaitazama dari, muda mrefu.
"Hicho hatukuwahi kuwa nacho."

Tulikuwa nacho. Rafu ya saba.
Alinionyesha mwenyewe, nikiwa na meno ya utoto.

Daktari hasemi kama kitarudi.
Huenda, anasema, kila homa huondoka na kitu mfukoni;
huenda; bado wanachunguza.

Basi nahesabu glasi za maji.
Tarehe ya chanjo ya mafua nimeibandika kwenye friji.
Nanusa beseni, bila haya.
Naye akiniona na daftari hunikazia macho:
"Na sahihi?"
Natia sahihi.