Hatua Mia Mbili na Kumi

Kutoka mlango wa Bunge la Kaunti
hadi geti la gavana, hapa Kakamega,
ni hatua mia mbili na kumi.
Nilianza kuzihesabu kiatu cha kushoto kilipotoboka.

Mimi ni tarishi. Likhanga, wa Khayega.
Wale hutunga, yule hutekeleza,
nami ndimi barabara iliyo katikati.

Jumatatu nilibeba bahasha ya kaki,
muhuri mwekundu, uzito wa ndizi moja:
bajeti ya nyongeza. Mle ndani mna
paa la soko, mafuta ya ambulensi ya Shinyalu,
na, ukurasa wa thelathini na tisa,
mshahara wangu wa miezi mitatu.
Nikaupakata mshahara wangu kifuani
nikiukinga na mvua ya saa tisa,
nisiweze kununua nao hata kiberiti.

Karani wa gavana akagonga muhuri: *Imepokelewa.*
"Ana siku kumi na nne," akasema.
"Za nini?"
"Za kufikiri, mzee."
Mwenye nyumba wangu alikuwa amenipa mbili.

Jioni binti yangu Khasandi alisoma kwa sauti
kitabu cha shule, mlango wa Marekani:
kwamba wale walimfukuza mfalme
kisha wakaendelea kumwogopa,
wakaipasua serikali yao kama kuni,
hawa watunge, huyu atekeleze;
rais akikataa kutia sahihi
aurudishe mswada pamoja na sababu zake,
nao wakitimia theluthi mbili, wampite.
"Siku kumi, Baba. Jumapili hazihesabiwi."
"Na nani huubeba?"
Akapekua. Akarudi nyuma kurasa mbili.
"Hawajasema."

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja.
Wahenga hao hawakuwa Waisukha.
Sisi huwakutanisha makusudi, alfajiri,
isukuti zikinguruma, umande ukiruka,
na tunajua kwa nini.
Fahali wa shemeji yangu Muhatia
alikaa mwaka mzima bila wa kumkabili.
Mwezi wa Agosti akabomoa ukuta wa jikoni
mama wa watu akisonga ugali.
Basi siombi wapatane sana, wakubwa hawa.
Wakipatana sana, ukuta utakaofuata ni wangu.

Lakini siku ya kumi na tatu mswada ulirudi
bila sahihi, na barua ya kurasa sita juu yake:
ukurasa wa thelathini na tisa
"unahitaji maelezo zaidi."
Maelezo zaidi nilikuwa nayo.
Unga. Karo. Soli ya kiatu.
Ila tarishi hana kifungu cha kusemea.

Bungeni wakahesabu vichwa
ili wampite gavana, kama kule kitabuni.
Wakapungua wanne.
Mmoja alikuwa matangani Malava,
wawili walituma ujumbe kwamba wana malaria,
na wa nne alikuwa kantini, nilimwona,
akila samaki mzima, polepole,
kwa utulivu wa mtu aliyelipiwa.

Leo wamebadilisha maneno kumi na moja,
wakaniita tena. Bahasha mpya, kaki ile ile.
Mvua imeanza kabla sijafika getini,
na katikati ya barabara, hatua ya mia na tano,
miguu yangu imesimama yenyewe.
Huku nyuma si kwangu. Huko mbele si kwangu.
Kwa dakika hii moja sheria yote ya kaunti,
na paa, na ambulensi, na mimi mwenyewe kwa shilingi na senti,
iko chini ya kwapa la mtu
asiyeweza kuipitisha wala kuikataa.

Kijana wa bodaboda ananipigia honi.
"Mzee, amua!"

Naifungia bahasha ndani ya koti.
Mia na sita.