Sina Kumi

Umeniomba sinema kumi nizipendazo. Sina kumi.
Ninazo mbili na kipande,
na hicho kipande ndicho nilichokitazama mara nyingi zaidi.

Kibaigwa, nyuma ya soko la mahindi,
palikuwa na banda la mabati, magunia yamezibwa madirishani
ili jua la saa tisa lisituibie picha.
Kiingilio shilingi hamsini. Asiye nayo
alete ndoo ya maji ya kupozea mashine.
Mimi nilikuwa mtoto wa ndoo.

Ndahani alikaa mbele, kipaza sauti mkononi,
akitutafsiria Kichina asichokijua,
Kihindi asichokijua, na Kiingereza
alichokijua kama unavyomjua shemeji wa mbali.
Siku moja akaweka mkanda wa mzee wa theluji.
Mzee alitembea. Alitembea tu, saa nzima,
ndevu zimeganda, kamba ya farasi begani.
Ndahani akasema:
"Bwana huyu anahemea. Kwao njaa imeingia.
Hicho cheupe mnachokiona ni majivu,
mashamba yote yameungua."
Tukaelewa. Mwaka ule tulikuwa tunakunywa mlenda
bila ugali, tungekosaje kuelewa?
Farasi alipoanguka, Mama Sechelela muuza karanga,
aliyekuwa ameingia kudai pesa yake,
alifuta macho kwa ncha ya khanga
akatoka bila kudai.

Miaka ishirini na miwili baadaye, Dodoma mjini,
chumba cha kupanga, upepo wa Julai unasukuma mlango
kama mtu mwenye haki ya kuingia,
nikaiona tena, safari hii na maandishi chini.
Kumbe mzee ni mwizi wa dhahabu.
Kumbe theluji ni theluji.
Hata farasi hakuwa wake.
Nikazima kabla ya mwisho.
Sisemi hapo ndipo nilipoanza kuandika,
nilianza kuandika kwa sababu ya deni la kodi,
lakini kila nikikwama katikati ya ukurasa
namsikia Ndahani akikohoa kwenye kipaza sauti,
anajipa muda wa kubuni.

Ya pili ilikuja na gari la serikali.
Ilihusu dumuzi. Ndiyo, dumuzi wa mahindi,
ametandazwa ukutani mwa ghala, mkubwa kama ndama,
na Babu Chilongani akauliza kwa sauti
nyama yake ingetosha kaya ngapi.
Ukuta ule ulikuwa na ufa.
Bwana shamba wa kwenye picha alipotokea kutushauri
ufa ulimpita usoni, jicho huku, jicho kule,
na mpaka leo nikiona sura nzima kwenye sinema
nahisi kuna kitu nimefichwa.

Sasa kipande.
Harusi ya mama mdogo Nyemo, Mpwapwa,
mpiga picha wa kukodi, kamera begani kama mtungi.
Saa mbili za watu wakila.
Halafu, karibu na mwisho, kwa kuhesabu moja hadi nne,
mama yangu anapita na beseni la wali,
anagundua anapigwa picha,
anataka kuziba mdomo, mikono yote imeshika beseni,
basi anacheka hivyohivyo, na pengo lake.
Hana picha nyingine akicheka.
Niliurudisha nyuma mkanda mpaka wali ukageuka mvua,
mpaka beseni likabaki mng'ao tu.

Mwaka jana niliupeleka kwa fundi, Sabasaba.
Akaufungua, akaupuliza, akaunusa.
"Umeota ukungu, kaka. Tupa."
Nikamlipa kwa kuunusa.

Andika hivi, basi, kwenye orodha yako:
Namba moja. Jina: haina.
Muda: moja hadi nne.
Mwigizaji mkuu: yule mwenye beseni.
Tafsiri nitafanya mwenyewe.