Swali la Thelathini na Moja

Wałbrzych, mji uliochimbwa tumbo
ukaachiwa ngozi juu ya mashimo.
Nilifika Februari na sanduku la vichupa,
dodoso la kurasa kumi na nne
na barua ya chuo yenye mhuri.
Kazi yangu: kupima jinsi udugu
unavyoingia mwilini, na mlango unaopitia.
Nilikuwa nimejijaribia dodoso mwenyewe.
Kwenye swali la thelathini na moja simu ililia,
nikashukuru.

Mshiriki namba mia mbili na sita,
Gerwazy Kulpa, ghorofa ya tatu,
miaka sabini na mmoja,
ishirini na mitano kati yake chini ya ardhi.
Alinipa chai kwenye glasi
na keki iliyokatwa nyembamba,
kama mtu anayehesabu wageni waliobaki.

Nikamweleza: mate, mara nne kwa siku.
Ukiamka. Nusu saa baadaye. Saa kumi. Kabla ya kulala.
Humo tutasoma homoni ya wahaka.
"Profesa," akasema, "shimoni tulitema meusi
na hakuna aliyekuja kuyasoma."
Mimi si profesa. Sikumsahihisha.

Swali la thelathini na moja:
Je, una ndugu wa kuzaliwa unayewasiliana naye?
Akatia alama kwenye Hapana,
akaikoleza mpaka karatasi ikatoboka.

Aprili maabara ikaleta mistari.
Wake ulitambaa chini, mtulivu, wiki tatu,
isipokuwa Alhamisi.
Kila Alhamisi saa kumi ulisimama wima
kama paka aliyemwagiwa maji.
Dakta Sobczyńska, mkuu wangu, akasema: mtoe,
asiyefuata wenzake anaharibu wastani.
Nikasema ndiyo.
Kisha nikapanda treni.

Ni Bi Teofila wa ghorofa ya kwanza
aliyenidokeza ngazini, ufagio mkononi:
ghorofa ya pili anakaa Walenty,
mdogo wake Gerwazy, tumbo moja.
Hawajasemezana tangu mgodi ulipofungwa.
Mmoja alitia saini akapokea kiinua mgongo,
mwingine alilala siku kumi na moja shimoni, akigoma.
Nani alifanya lipi, hakuniambia,
na tangu siku ile mtoto angeweza kuzaliwa,
akaoa, akaachika.
Vumbi lililokula mapafu yao ni lile lile.
Usiku kucha Walenty hukohoa,
na juu yake kaka mtu hulala fofofo.
Ila Alhamisi gari la hospitali humchukua
kwenda kuvuta hewa ya mtungi,
na nyumba hukaa kimya.

Nilimkuta jikoni, redio imezimwa,
sikio karibu na bomba la joto.
"Leo kuna nini?"
"Hakuna. Leo natoa taka."
Ndoo ilikuwa tupu.

Saa kumi nikampa kichupa.
Akakunja mashavu, akatafuna hewa.
Hakuna. Kinywa kikavu kama gome.
Saa kumi na robo. Hakuna.
Ndugu mui, heri kuwa naye,
hata kama kuwa naye ni kumsikia bombani.
Saa kumi na nusu mlango wa gari ukagongwa,
nyayo, pumziko, nyayo, pumziko,
ufunguo ukapapasa tundu.

Kisha kikapanda kikohozi,
kirefu, chenye kokoto,
kikazunguka bomba na kutua mezani petu
kati ya glasi mbili.

Gerwazy hakuniangalia.
Alichukua kichupa akatema
mpaka kwenye mstari, akapita mstari,
akakifunga kwa kidole gumba.
"Andika saa," akasema.

Nikaandika saa.
Ile Hapana yake sikuigusa;
mtu na kalamu yake.
Ukingoni tu, kwa penseli, hafifu,
asije Dakta akaiona upesi:
tazama mate.